Daktari wa Mlevi Yuko Wapi?

Huu mwaka wa pili naandika riwaya yangu ya kwanza, kwa mkono, kwenye madaftari makubwa. Sura ya saba imenishinda. Katika sura hiyo mhusika wangu, fundi mwashi niliyempa jina la Sudi, anaamka alfajiri mikono ikimtetemeka. Anachukua mwiko wake akauuze apate cha kuzimua. Njiani anasita, anageuka, anasema moyoni: leo naenda kwa daktari. Nikafika hapo kalamu ikagoma, maana sikujua daktari huyo atamwambia nini.

Nikajaribu kukumbuka hadithi nilizosoma na michezo niliyosikiliza redioni. Mlevi huingia ili atuchekeshe, au ili afe tujifunze. Akibahatika kuokoka, anaokolewa na mchungaji, na shehe, au na mke mpya mwenye subira. Daktari simkumbuki popote. Akitokea, ametokea kuandika cheti cha kifo.

Sasa nikiri, ndugu msomaji: Sudi si wa kubuni mzima mzima. Nusu yake ni mjomba wangu. Mjomba ni fundi kweli, na nyumba alizojenga mtaani kwetu ukizihesabu zinapita ishirini. Ya kwake haimo. Siku moja tumbo lilimbana nikampeleka hospitali hapa mjini. Daktari akambonyeza, akamwandikia dawa za vidonda vya tumbo, akasema bila kuinua macho kwenye karatasi, "Acha pombe, mzee." Mjomba akauliza neno moja tu: "Naachaje?" Daktari akacheka, wala si kwa ubaya, akamwita mgonjwa anayefuata.

Neno lile likanikaa kooni. Naachaje? Nikaanza kuuliza na kusoma. Nilitegemea kukuta kwamba dawa hamna, kwa hiyo yule daktari hakuwa na la kusema. Kumbe dawa zipo, na nyingine zina umri wa bibi yangu. Kilichokuwa adimu tangu zamani, Ulaya na Marekani sawasawa na kwetu, ni daktari wa kuziandika na kubaki na mgonjwa baada ya kuziandika. Ukiifuata historia ya dawa hizi hatua kwa hatua, unakuta ni historia ya watu wanaotafuta daktari. Hiyo ndiyo nataka kuisimulia.

Daktari wa manowari

Mwaka 1804 tabibu mmoja wa Kiskoti aitwaye Thomas Trotter alichapisha kitabu juu ya ulevi. Trotter alikuwa ametumikia jeshi la majini la Uingereza kwa miaka mingi, na siku hizo baharia alipewa pombe kali kama sehemu ya posho yake. Walevi aliwajua, aliwaona wakianguka kutoka kwenye milingoti, wakitetemeka kwenye machela, wakichapwa viboko kwa kosa la ulevi na kesho yake kulirudia.

Katika zama zake mlevi alikuwa mali ya mimbari. Wahubiri walimfokea, wenye hekima wakamkemea, mahakimu wakamfunga. Trotter akasema tabia ya ulevi ni ugonjwa wa akili, na ugonjwa una tabibu wake. Akaongeza jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote aliyoyaandika: kwanza tabibu apate imani ya mgonjwa wake. Bila hiyo, hata ashauri nini hatasikilizwa.

Kidonge cha kumpa mlevi hakuwa nacho hata kimoja. Alichokuwa nacho ni mwanzo wa jibu la "Naachaje?", yaani kaa hapa, nieleze, tutazame pamoja. Hata hivyo maneno ya Trotter hayakuwageuza wenzake. Chama cha madaktari wa Marekani kilikuja kutangaza kwamba ulevi wa kupindukia ni ugonjwa mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 152, bwana wee.

Kiwanda cha mpira na dawa ya minyoo

Kidonge chenyewe kilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akikitafuta. Mwaka 1937 daktari wa kiwanda huko Marekani, E. E. Williams, aliandikia jarida la chama cha madaktari juu ya jambo la ajabu. Wafanyakazi wake walishika kila siku kemikali zinazotumika kutengeneza mpira. Wakitoka kazini wakapitia bia yao ya kawaida, uso unawaka moto, moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi. Wakajikuta wameacha pombe bila kupenda. Williams akauliza: je, hii haiwezi kuwa tiba ya ulevi? Swali likapita kama upepo. Kwa takriban miaka kumi halikupata mtu.

Mtu alipatikana Copenhagen, Denmark, na yeye alikuwa akiwaza minyoo. Jens Hald na Erik Jacobsen, watafiti wa kampuni ya dawa iitwayo Medicinalco, walikuwa wakiichunguza disulfiramu, ambayo ni ndugu wa kemikali zile za mpira, wakitumaini itaua minyoo ya tumboni. Desturi ya pale ilikuwa mtafiti kujaribu dawa mwilini mwake mwenyewe. Wakameza. Siku za kawaida hawakuona kitu, lakini siku waliyogusa pombe waliugua vibaya. Kila mmoja alidhani ni chakula, mpaka walipokaa wakalinganisha habari na kugundua kwamba pombe ndiyo iliyokuwamo kila mara.

Utaratibu wake ni huu. Ukinywa pombe, ini huigeuza kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha haraka haraka huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu huzuia hatua ya pili. Sumu inajaa mwilini: uso mwekundu, kichwa kinagonga, matapishi, moyo mbio. Mtu akishajua hivyo, glasi anaitazama kwa macho mengine.

Wakamwendea Oluf Martensen-Larsen, daktari aliyekubali kuijaribu kwa walevi wa kweli, na mwaka 1948 habari zikatoka katika jarida la Lancet la London. Dawa ikapewa jina la biashara Antabuse, na mwaka 1951 Marekani ikairuhusu. Magazeti yakashangilia. Ulevi umekwisha!

Haukwisha. Mwanzoni madaktari walitoa dozi kubwa mno, tena wengine walimnywesha mgonjwa pombe wodini makusudi ili aonje adhabu yake. Wapo waliokufa. Dozi zikapunguzwa, mtindo wa kunywesha ukaachwa. Lakini kasoro kubwa ya disulfiramu ni nyepesi hata mtoto ataiona: anayetaka kunywa huacha kidonge, si pombe. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, wanaume 605. Waliomeza dawa kama walivyoelekezwa walikuwa wapata mmoja katika kila watano. Waliopewa disulfiramu kwa jumla hawakuwazidi wenzao kwa kuacha pombe moja kwa moja. Ila wale waliokubali kumeza mbele ya mtu, mke, ndugu au muuguzi, kwa hiari yao na kila siku, tafiti nyingine zimeonyesha dawa iliwafaa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kidonge ni kilekile, kilichotofautiana ni kuwepo kwa mtu. Na hapa nitoe onyo, maana mitaani nimesikia watu wakinong'ona: kumtilia mtu disulfiramu kwa siri kwenye chai au mchuzi ili "akome" ni hatari ya kifo. Asiyejua kwamba ameimeza atakunywa kama kawaida yake, na moyo wake unaweza kusimama. Hiyo si tiba, ni kumwekea mtu sumu.

Panya wa Helsinki na wanaume 70 wa Philadelphia

Dawa ya pili ina hadithi tofauti, na kwangu mimi ndiyo inayokaribia zaidi kujibu swali la mjomba. Inaitwa naltreksoni. Ilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1960, na mwaka 1984 ikaruhusiwa kwa watu waliotekwa na heroini. Kazi yake ni kuziba. Ndani ya ubongo kuna vitundu, tuviite hivyo, ambavyo heroini huvifungua kama ufunguo. Naltreksoni huingia kwenye tundu ikakaa, haifungui kitu, na ufunguo ukija unakuta pamejaa.

Sasa pombe inaingiaje? Mtu akinywa, mwili wake wenyewe hutoa vitu vinavyofanana na hiyo afyuni, na sehemu ya ile raha ya glasi ya kwanza hutoka huko. Joseph Volpicelli na wenzake wa Philadelphia wakawaza: tukiziba matundu, je? Wakachukua wanaume 70, wanajeshi wastaafu walevi. Nusu wakapewa naltreksoni, nusu kidonge kitupu, na wote wakaendelea kupata ushauri kwa wiki 12. Mwaka 1992 wakatangaza matokeo. Katika waliopewa kidonge kitupu, asilimia 54 walirudia unywaji mkubwa. Katika waliopewa dawa, asilimia 23. Mwaka huohuo Stephanie O'Malley wa Chuo Kikuu cha Yale akatoa matokeo yaliyoelekea upande uleule. Mwishoni mwa 1994 Marekani ikairuhusu naltreksoni kwa ulevi wa pombe.

Wakati huohuo huko Helsinki, Finland, alikuwapo Mmarekani mmoja, John David Sinclair, akifanya kazi katika maabara ya shirika la pombe la serikali. Ndiyo, shirika linalouza pombe ndilo lililomlipa achunguze ulevi. Tangu ujana wake Sinclair alikuwa ameona jambo kwa panya. Panya waliozoea pombe ukiwanyima, ukaja kuwarudishia, hunywa zaidi ya zamani. Kunyimwa kulikuwa kumekuza hamu. Mtu yeyote aliyeishi na mlevi analijua hilo: anaacha mwezi mzima, akirudi anarudi kama mafuriko. Sinclair akapendekeza naltreksoni imezwe saa moja hivi kabla ya kunywa, siku ile ambayo mtu anakusudia kunywa, ili ubongo ujifunze polepole kwamba glasi haina tena utamu wake. Madaktari wengi hutoa kidonge kila siku na tafiti nyingi zimefuata njia hiyo. Ubishi juu ya njia ya Sinclair haujaisha. Alifariki mwaka 2015.

Ukimtazama mgonjwa wa naltreksoni utaona tofauti na yule wa disulfiramu. Hapigwi na kidonge. Akiteleza akanywa, hafi kwa kunywa. Hamu inapungua, glasi ya tatu haimwiti tena kwa sauti ileile. Dawa haimfai kila mtu, na faida yake kwa jumla ni ya kiasi. Lakini ipo.

Basi mtu angetarajia Marekani nzima imekimbilia kwa madaktari. Takwimu za mwaka 2019 zinasema hivi: katika watu wazima wa nchi hiyo waliokuwa na tatizo la pombe mwaka ule, waliotumia dawa yoyote kati ya hizi walikuwa asilimia 1.6. Yaani katika kila mia hawakufika wawili, miaka 25 baada ya ruhusa, katika nchi tajiri yenye maduka ya dawa kila kona!

Kisa? Madaktari wengi hawakufundishwa. Wengine walifundishwa kwamba mlevi hupelekwa kwenye vikundi vya kuacha pombe, basi. Wengine waliona kumpa mlevi kidonge ni kumdekeza. Na dawa ikishakuwa ya zamani na ya bei ndogo, haina tena msafiri wa kampuni anayegonga milango ya zahanati kuisifu. Ndiyo maana mwigizaji wa Marekani, Claudia Christian, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na pombe kwa miaka mingi kabla ya kuijua naltreksoni, alitoa filamu juu ya kidonge hicho mwaka 2014 na kuanzisha taasisi ya kuwaelimisha wagonjwa na madaktari wao. Hebu fikiri: mwigizaji anamfundisha daktari.

Daktari aliyejiandikia mwenyewe

Kisa kilichonikosesha usingizi ni cha Olivier Ameisen. Alikuwa Mfaransa, bingwa wa magonjwa ya moyo, mpiga piano hodari, profesa katika hospitali kubwa ya New York. Naye alikuwa mlevi. Alilazwa mara nyingi, alihudhuria mikutano ya walevi wanaoacha, alimeza disulfiramu, naltreksoni na akamprosati, dawa nyingine iliyoanza kutumika Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote hazikumwokoa. Akaacha kutibu watu kwa kuogopa kuwadhuru, akarudi Paris.

Hapo katikati alipata habari za gazeti juu ya baklofeni. Dawa hiyo ilibuniwa Uswisi mwaka 1962 na hutumiwa kwa misuli inayokakamaa. Mtafiti mmoja alikuwa ameona kwamba inapunguza hamu ya kokeini. Ameisen akaanza kuuliza wataalamu. Wengi hawakuijua, au hawakutaka kujihusisha. Januari 2004 akachukua uamuzi: akajiandikia mwenyewe. Akapandisha dozi polepole mpaka miligramu 270 kwa siku, akakuta hamu imezimika, kisha akashuka mpaka 120. Akaandika habari zake katika jarida la kitabibu, kwa jina lake halisi, akisema mgonjwa ni mimi. Mwaka 2008 akatoa kitabu.

Wafaransa walikisoma kitabu kile kama watu waliokuta kisima. Wakaenda kwa madaktari wao nacho mkononi. Wengi wakafukuzwa, kwa kuwa baklofeni haikuwa imeruhusiwa kwa ulevi. Wachache walikubali, kwa hofu na kwa siri nusu nusu. Basi wagonjwa wakaanza kupeana majina: fulani wa mtaa fulani anasikiliza, fulani usipoteze nauli. Vyama vya wagonjwa vikaundwa. Mwaka 2014 serikali ikatoa ruhusa ya muda, mwaka 2018 ruhusa kamili, kwa kikomo cha miligramu 80 kwa siku. Kikomo kiliwekwa kwa sababu dozi kubwa zilionekana kuleta madhara makubwa, na majaribio ya hospitali yalitoa majibu yanayopingana. Ameisen hakuiona ruhusa yoyote kati ya hizo. Alifariki mwaka 2013.

Sikisimulii kisa hiki ili mtu akimbilie baklofeni. Nakisimulia kwa sababu kinauma. Profesa mwenye marafiki madaktari New York na Paris alikosa daktari, akaponea kalamu yake mwenyewe. Mjomba wangu ana mwiko.

Huku kwetu

Historia yetu ya ulevi tumezoea kuiandika kwa sheria. Mwaka 1919 wakoloni walisaini mkataba wa kuzuia pombe kali ya biashara isiuzwe sehemu kubwa ya Afrika. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikaihalalisha kwa masharti mwaka 2010. Hapa Tanzania viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na mimi nakumbuka siku ile watu walivyosema ulevi umepatikana dawa. Mjomba alihamia kwenye gongo wiki ileile. Sheria ina kazi yake, sikatai. Ila haijamjibu mtu aliyeamka alfajiri anatetemeka.

Na msiniambie kwamba kutibu ulevi kwa dawa ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watu waliotekwa na heroini. Mitaani walicheka: mateja wapewe dawa? Lakini watu walewale tuliowaruka vibarazani wakawa wanakwenda kila siku kunywa kikombe chao mbele ya muuguzi, wanaitwa kwa majina yao, wanaulizwa hali. Wapo waliorudi makazini. Kwa hiyo tunajua namna ya kufanya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaziingiza akamprosati na naltreksoni katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya ulevi wa pombe. Orodha hiyo ndiyo nchi nyingi huitazama zikipanga dawa zao. Mlango upo. Anatakiwa mtu wa kusimama mlangoni.

Basi nikarudi kwa mjomba. "Shikamoo, mjomba. Bado unataka jibu la swali lako?" Akanitazama muda mrefu. "Swali gani?" "Naachaje." Akasema, "Wewe mpwa wangu una mambo," lakini akavaa shati safi.

Kabla ya kuondoka tuliandika maswali manne kwenye ukurasa wa daftari langu, ule wa sura ya saba. Je, mnatibu mtu anayetaka kuacha pombe, au mnatibu tumbo tu? Je, kuna dawa inayoweza kunifaa, na ini langu litapimwa kwanza? Je, nikiacha ghafla nitapata nini? Je, nikiteleza naruhusiwa kurudi?

Swali la tatu lisomwe vizuri na kila mwenye ndugu mnywaji. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Kumfungia ndani "mpaka imtoke" si ujasiri. Akianza kutetemeka sana, kuona visivyokuwepo au kuanguka, apelekwe hospitali mara moja. Na anayepewa naltreksoni amweleze daktari dawa zote anazotumia, hasa za maumivu makali za jamii ya afyuni, kwa sababu haziendi pamoja.

Mahali pa kwanza tuliambiwa hawahusiki. Pa pili daktari alimhubiria mjomba robo saa, mahubiri mazuri kwa kweli, kisha akafunga faili. Mjomba akataka kurudi nyumbani. Nikamsihi, pamoja tu. Mahali pa tatu tulimkuta daktari kijana, pengine ananizidi miaka minne. Alisoma ukurasa wa daftari mpaka mwisho. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee, sitakudanganya. Dawa hizi nimezisoma chuoni ila sijawahi kumwandikia mtu. Leo tupime ini. Usikate pombe ghafla, punguza kama nitakavyokuelekeza. Alhamisi rudi, nitakuwa nimesoma na nimempigia mwalimu wangu."

Mjomba akauliza, "Nikija nimekunywa je?"

"Njoo hivyohivyo."

Tukiwa kwenye daladala mjomba alikuwa kimya mpaka karibu na kituo chetu. Halafu akasema, "Huyu kijana ni daktari." Katika maisha yake yote sijamsikia akimsifu mtu ambaye si fundi.

Alhamisi alikwenda. Nilimsindikiza mpaka getini tu, kwa sababu alisema kuanzia hapo anajua njia. Sitawaambia kwamba amepona, maana hajapona, na haya si maandishi ya kutangaza muujiza. Ameshateleza mara mbili ninazozijua. Mara zote mbili amerudi kwa yule kijana, naye hajamfukuza.

Waandishi wenzangu, nawaachia neno. Tunapomwandika mlevi tumezoea kuandika kaburi au kichekesho kwa sababu ndivyo tulivyoona. Lakini watu husoma hadithi zetu na kujifunza kipi kinawezekana. Kama hakuna daktari katika riwaya zetu zote, msomaji anayetetemeka alfajiri atajuaje kwamba anaweza kumtafuta? Tumwandike. Tumwandike na mapungufu yake, daktari asiyejua kila kitu, mwenye foleni ndefu na feni mbovu, lakini anayeinua macho kwenye karatasi.

Sura ya saba nimeianza upya. Sudi ameingia, amekaa kwenye benchi, mwiko wake bado uko ndani ya mfuko wa rambo. Daktari amemwita. Anamuuliza swali la kwanza: "Mara ya mwisho umekunywa lini, na siku ulizokosa ulijisikiaje?"

Sudi anafikiria. Hajawahi kuulizwa.